Brosi Iliyonyamazisha Antene

Ee wapwa, ee wajukuu, na nyinyi wageni munaosimama kwa mulango kama watu wa kodi, ingieni, kaeni! Nataka kuwasimulia kazi yangu. Weye wa nyuma unayecheka na miye sijafungua kinywa, cheka tu, nitakupa sababu nzuri zaidi. Leo munapigaga alo mupaka Ulaya na kitu kidogo kama kipande cha sabuni. Wakati wa Zaire, alo ya muji muzima wa Kalemie ilikuwa inapita juu ya mabega yangu haya. Angalieni, hili la kushoto limeshuka. Si uzee. Ni simu za watu.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa kijana wa kuogopesha. Nilikuwa nabeba magunia bandarini, mawili kichwani na la tatu kwa meno. Muzee mumoja akaniona, akauliza: "Weye, unajua kusoma?"

"Hapana, Papa."

"Unajua kupanda mulima?"

"Mulima njo unanijua miye."

Akacheka, akanichukua. Alikuwa Shefu wa Stasioni, yaani mukubwa wa ile nyumba ya antene juu ya mulima, na wote walimuita Muzee Shefu. Akanipa bido mbili, yaani madumu, za mazutu, mafuta ya grupu, ile mashini ya kutoa umeme, nikapanda. Mulima ule ni murefu hivi: nilitoka chini nimenyoa, nikafika juu ndevu zinagusa kifua.

Kule juu akanionyesha kazi. Antene ilikuwa sahani kubwa ya chuma. Ukipakua fufu ndani yake, parokia nzima inakula na inabakiza. Mbele ya sahani kulikuwa pembe ya shaba. Mawimbi ya simu yanatoka kwa mashini, yanapita ndani ya bomba moja bapa, tupu kabisa, yanatokea kwa kinywa cha pembe, yanagonga sahani, na sahani inayatupa mupaka kwa mulima mwingine. Kinywa cha pembe kilikuwa kimefunikwa na plastiki nyeupe, kusudi maji na nyigu wasiingie.

"Kisimba," Muzee Shefu akaniambia, "hii plastiki uione kama mboni ya jicho lako. Haipakwi kitu. Hata nyigu akijenga hapa, unamutoa polepole na kitambaa. Na usisimame mbele yake wakati mashini inafanya kazi, utapikwa macho."

"Ni nani yuko ndani atakayenipika, Papa?"

"Haumuoni. Njo maana nakuambia."

Niliingia kama jurnalye, muntu wa siku. Unafanya kazi leo, kesho wanakuita tena ama hawakuiti. Mwenye kazi ya kweli alikuwa na matrikili, namba yake ndani ya kitabu cha biro, yaani ofisi. Muntu wa matrikili akigonjwa anatibiwa, akizeeka anapata retrete, pesa ya kupumzikia, akikufa bibi yake anapewa pole kwa barua yenye muhuri. Jurnalye akikufa, wanatafuta mwingine wa kubeba mazutu. Bibi yangu Feza hakuniomba kitu kingine katika maisha yetu. Hakuomba vitenge, hakuomba nyumba ya mabati. Kila jioni ni neno moja: "Namba imefika?" Muzee Shefu aliniandikia barua ya kuomba. Lubumbashi wakajibu: karatasi iko njiani. Ile karatasi ilitembea kuliko miye.

Na miye nilitembea! Walinituma Kirungu, kule juu Marungu, kulinda antene ndogo inayopokea mawimbi yetu na kuyasukuma mbele. Baridi ya kule, nililala kati ya mbuzi wawili, na mbuzi njo walikuwa wananivutia blanketi. Miaka mitatu. Halafu Bendera, kwenye mitambo ya umeme wa maji, kufyeka majani chini ya nguzo. Mukubwa wa Kirungu alikuwa muntu wa sala, akaniambia matrikili iko njiani. Mukubwa wa Bendera alikuwa muntu wa pombe, akaniambia matrikili iko njiani. Njo kitu kimoja ambacho wale wawili walipatana.

Nikarudi Kalemie, nikakuta Muzee Shefu amekwenda retrete na kwa kiti chake amekaa Shefu mupya. Huyu alivaa abakosti, ile suti ya Zaire isiyo na tai, yenye kupigwa pasi hivi, ungeweza kukata mukate kwa mukono wake. Kifuani, beji ya Chama, picha ya Kiongozi ndani. Wakati ule hakukuwa bwana wala bibi, wote tulikuwa "sitwaye", wananchi sawasawa. Yeye alikuwa Sitwaye Shefu, miye nilikuwa sitwaye wa mazutu.

Siku moja habari inashuka kutoka juu: Mukubwa wa Kinshasa anakuja, atapanda mulima, atapiga simu mbele ya watu wote. Loo! Sitwaye Shefu akageuka kichaa. Mawe ya njia tuliyapaka chokaa. Mbuzi wa jirani alipita karibu, naye akatoka na mugongo mweupe. Halafu akatazama antene.

Sasa mujue sheria yetu ya Kalemie. Siye ni muji wa bandari na wa reli. Kitu cha chuma unakipaka kwanza rangi ya feza, ile yenye unga wa aluminium, kusudi kutu isiingie, kisha unaweka nyeupe juu yake. Pipa, daraja, vago la reli, yote ni vile. Hakuna muntu alituandikia. Tulizaliwa nayo.

"Kisimba! Paka yote. Feza chini, nyeupe juu. Ingae!"

"Ndiyo, Sitwaye Shefu. Lakini kinywa cha pembe nakiacha."

"Unaacha juu ya nini?"

"Muzee Shefu alisema haipakwi kitu."

"Muzee Shefu yuko wapi leo?"

"Analima muhogo, Sitwaye Shefu."

"Basi, kama unataka kulima naye, acha bila kupaka. Weye ni injiniere? Sasa hivi niko na karatasi ya matrikili yako juu ya meza yangu. Paka!"

Sentinele wetu, Musafiri, mulinzi wa geti, alikuwa amesimama karibu kabisa. Alisikia yote. Nikachovya brosi, nikapaka. Feza chini, nyeupe juu. Ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Ukitazama, hauoni kama plastiki imeguswa.

Mukubwa akafika na magari yake. Akapanda, akakamata simu, akasema: "Alo, Lubumbashi!" Kimya. "ALO!" Kimya. Alipiga kelele hivi, kama wangemufungulia dirisha tu, Lubumbashi wangemusikia bila simu. Akaweka chini, akamutazama Sitwaye Shefu. Sitwaye Shefu akasema: "Ni radi, Mukubwa. Radi ilipiga." Tulikuwa katikati ya kiangazi. Hata wingu la kumufunika panzi halikuwa mbinguni.

Muji ukakaa bila simu miezi miwili. Walibadilisha taa za mashini, walifungua bomba, walifunga bomba, bure. Mwisho Lubumbashi wakatuma injiniere. Siye wote tulikwenda kungojea gari moshi kumupokea mwanaume munene mwenye miwani. Akashuka mwanamuke mwembamba, Muzairwa kama siye, na sanduku moja amelikumbatia kama mutoto mugonjwa. Alikuwa amesoma ngambo, na chuo chake kilimuazima kile kitu kwa muda tu.

"Naitwa Sitwaye Injiniere," akasema, "lakini nyinyi mukiniita Mama sitakasirika."

Tukamuita Mama Injiniere.

Sikilizeni vizuri hapa, juu hii kazi hakuna muntu wa Kalemie mwingine ameifanya. Ndani ya sanduku kulikuwa jiwe la kioo, dogo kama punje ya muhindi, limebandikwa kwa ncha ya uzi wa kioo. Mwanga mwekundu unaingia kwa uzi, unapita ndani ya jiwe, unarudi. Ukiweka jiwe fasi, yaani mahali, hakuna umeme hewani, mwanga unarudi vile ulikwenda. Ukiliweka fasi umeme wa mawimbi unapita, jiwe linaupinda ule mwanga kidogo, na apareyi, mashini yake ya kupimia, inasema umepindwa kiasi gani. Njo vile unajua nguvu ya umeme ya pale hewani, pale pale, kwa nukta moja.

"Juu ya nini usitumie waya, Mama?" nikamuuliza.

"Waya ni chuma, Papa Kisimba. Ukiingiza chuma mbele ya antene, mawimbi yanababaika. Ni kama kupima usingizi wa muntu kwa kumugusa macho. Jiwe halina chuma, uzi hauna chuma. Mawimbi hayajui kama unayatazama."

Akatafuta muntu wa kushika jiwe. Sekreteri wa biro alijaribu, mukono ukatetemeka. Musafiri alijaribu, ukatetemeka zaidi, yeye juu ya lutuku, pombe kali, ya jana. Miye nikashika kijiti cha mwanzi ambacho jiwe lilifungwa kwa ncha yake. Mama Injiniere akatazama sindano ya apareyi, akasema: "Huyu mukono ni wa muntu ama ni wa ukuta?" Nilishika jiwe lile imara hivi, ndege alitua juu ya kiwiko, akaanza kutafuta majani ya kujenga.

Tulitengeneza fremu ya mbao bila musumari hata mumoja, kamba tu, tukavuta nyuzi za nailoni mbele ya pembe, ikawa vyumba vidogo vidogo kama karatasi ya hesabu. Mashini akaipunguza nguvu kabisa kusudi isinipike. Naweka jiwe katika chumba cha kwanza, yeye anasoma sindano. Nahamia cha pili. Cha tatu. Vyumba mia ine kwa kila pembe! Na juu miye sikujua kuandika namba, akanipa kalamu tatu za rangi na karatasi yenye vyumba vile vile. Akisema umeme ni mukali, napaka nyekundu. Wa katikati, manjano. Hakuna kitu, bluu. Njo vile miye Kisimba, muntu asiyejua kuandika jina la mama yake, nilichora ramani ya kitu ambacho hakuna jicho limekiona.

Tulianza na pembe ya pili, ile ndogo inayotazama Kirungu, ambayo rangi iliisha mbele ya kuifikia. Ilitoka nzuri kama yai: nyekundu katikati, manjano kuizunguka, bluu pembeni. "Angalia," Mama akasema, "hii ni antene yenye afya."

Siku ya pili tukaanza pembe kubwa. Sindano ikawa inarukaruka kama chura. Tukavua saa, mukaba, funguo. Bado inaruka. Kumbe Sitwaye Shefu amekuja kusimama karibu yangu, na beji yake imeelekea pembe.

"Sitwaye Shefu," Mama akasema, "ile beji ni chuma. Inarudisha mawimbi."

Sitwaye Shefu akanyooka. "Unataka nimuvue Kiongozi?"

Watu wote wakatazama chini. Neno kama lile lilikuwa linapeleka muntu gerezani. Mama Injiniere hakutikisika. "Hapana, Sitwaye Shefu. Tunamuomba Kiongozi kwa heshima arudi nyuma hatua makumi mbili, na weye umusindikize."

Akarudi nyuma. Sindano ikatulia. Tangu pale alimuchukia yule mama, na miye alinichukia juu nilikohoa. Haikuwa kikohozi.

Sasa niwaambie ubaya. Tangu chumba cha kumi nilikuwa nimeanza kuelewa. Bluu. Bluu. Bluu. Fasi ya kuwa nyekundu kama pilipili, bluu. Halafu mustari mwembamba wa nyekundu, halafu bluu tena. Ile mistari niliijua. Ililala kwa upande, namna miye navuta mukono. Ilikuwa njia za brosi yangu, fasi nywele zake zilipita bila rangi ya kutosha. Nilijiambia, Kisimba, sema. Nikajijibu, Kisimba, matrikili iko juu ya meza. Nikaendelea kupaka bluu na kinywa kimefungwa, siku mbili nzima. Lakini karatasi haikuogopa muntu. Siku ya tatu, chumba cha mwisho, Mama akaikamata, akaiinua kwa jua.

"Hii si radi," akasema. "Hii ni brosi." Akachukua kisu, akakwangua plastiki. Nyeupe ikatoka, na chini yake feza inangaa. "Aluminium! Mumeziba kinywa cha antene na chuma! Nani alipaka?"

Sitwaye Shefu akasema mbio: "Tutafanya uchunguzi."

Mama akanitazama miye tu. Nikaona matrikili inaruka juu ya meza, inatoka kwa dirisha. Nikasema: "Mama, brosi ni yangu. Neno si langu."

"Neno la nani?"

"La Sitwaye Shefu. Nilimuambia inakatazwa."

"Muongo!" Sitwaye Shefu akapiga kelele. "Nilimukataza miye mwenyewe!"

Nikamuonyesha Musafiri. "Huyu alikuwa hapa, alisikia yote."

Mama akamugeukia. "Papa Musafiri, ulisikia nini?"

Musafiri akatazama miguu yake. "Miye, Mama, nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu."

"Muda wote ule?"

"Ni kamba ndefu, Mama."

Tukatazama miguu yake wote. Alikuwa na sapato za plastiki, hata tundu la kamba hazina.

Watu wakacheka, hata miye nilicheka, na hiki kicheko hakijanitoka mupaka leo, kiko hapa kooni kama muiba wa samaki. Juu kucheka si ushahidi.

Tukaosha pembe na petroli, plastiki ikarudi plastiki, na simu ikafufuka. Mama Injiniere akaniambia mbele ya gari moshi: "Papa Kisimba, katika rapor yangu nimeandika mambo mawili. La kwanza, ni nani alitoa neno la kupaka. La pili, muntu wa kijiti apewe matrikili, juu mukono kama ule sijauona hata ngambo." Nikamushika mikono yote miwili. Lakini kwa kazi yetu barua haikuwa inaruka yenyewe. Kila rapor lazima ipite kwa mukono wa Shefu wa fasi, yeye anaisoma, anaipiga muhuri, anaituma juu. Njo sheria. Mama alimuachia bahasha Sitwaye Shefu, gari moshi likaenda, na miye sikumuona tena.

Juma moja baadaye Sitwaye Shefu ananiita kwa biro. Ananichekea kwa meno yote. Ananipa kiti! Miaka yangu yote kule, sikujua vile viti ni laini.

"Kisimba, yamekwisha. Hii hapa karatasi yako. Weka kidole."

"Matrikili, Sitwaye Shefu?"

"Jina lako linaingia kwa kitabu leo. Weka."

Nilibonyeza kidole kwa wino hivi, kidogo kitokee chini ya meza. Nikashuka mulima mbio, hata kivuli changu kilifika nyumbani nyuma yangu. Feza akalia. Akapika samaki mikeke, akaita majirani wote, na tangu siku ile akiulizwa jina anasema: "Miye ni bibi ya muntu wa matrikili." Nikangojea karatasi ya Lubumbashi irudi. "Iko njiani," Sitwaye Shefu akasema. Nikaendelea kubeba mazutu, kukata majani, kutoa nyigu na kitambaa. Miaka kumi na miwili. Feza alikufa mbele ya ile miaka kumi na miwili kwisha. Hakuna barua ya pole ilifika, na nilisema moyoni, labda posta.

Ramani yangu iliwekwa kwa kioo katika biro. Wageni waliulizaga: "Hii ni nini?" Sitwaye Shefu anajibu: "Ni uchunguzi niliouongoza." Miye napita nyuma yao na bido. Niliitazama kila siku. Ni kitu kimoja tu nimechora katika maisha yangu, na kinachoonekana ndani ni kosa ambalo nilisukumwa kulifanya. Musidanganywe na wazee wanaosema kazi ya zamani ilikuwa na heshima. Heshima ilikuwa, lakini ilikuwa imekwisha gawanywa mbele siye hatujafika. Nilijua mawimbi yanapita wapi, yanakufa wapi, yanapindwa na beji ya muntu gani. Barua yangu mwenyewe ilikufia fasi gani, sikujua.

Magoti yakakataa mulima. Sitwaye Shefu naye alikuwa amepandishwa cheo, ameenda Kinshasa. Nikavaa shati ya Noeli, nikaenda biro kuomba retrete yangu. Musafiri akanifungulia geti namna alivyonifungulia kila asubuhi. Ndani nikakuta karani mupya, kijana wa Manono, hajamaliza hata mwezi, hanijui.

"Karibu, Papa. Jina?"

"Kisimba. Nataka retrete."

Akafungua kitabu cha matrikili. Hakuna. Akafungua cha zamani. Hakuna. Cha marehemu pia, nikaona aibu kidogo, hakuna. Akapanda juu ya kiti, akatoa faili moja ya vumbi, akapuliza. "Kisimba... Kisimba... Iko, Papa! Na kidole chako iko!"

"Njo hiyo!" nikasema. "Soma, mwana wangu, soma kwa sauti!"

Akasoma: "Kisimba, muntu wa inje, hana kazi yoyote kwetu. Aliingia stasioni kwa kuiba njia, akapaka antene, simu za muji zikakufa. Amekubali kosa kwa kidole chake. Anakatazwa kukanyaga mulima mupaka mwisho wa maisha yake."

Nikatazama kidole changu. Miaka kumi na miwili nimebeba mazutu kwenda fasi ninakokatazwa kufika. Yule kijana alinyanyua macho kutoka kwa karatasi, akanitazama uso, akatazama karatasi tena, akaruka nyuma ya kiti chake, akapiga kelele kwa dirisha mupaka getini:

"Sentinele! Papa Musafiri! Kimbia, funga geti! Ule muntu aliyeharibu antene amerudi!"